Fundi aliyechoma nondo ardhini kabla ya kutaja bei: ukarabati wa ukoka na mawe ya mapambo, Goba

Kwangu ni Goba, Dar es Salaam. Mwaka jana tulichimba karo jipya, na mafundi wa karo walichanganyia zege juu ya ukoka wangu bila hata kutandika bati. Walipoondoka waliacha doa la kijivu katikati ya uwanja, na ukoka ukakauka kuanzia pale hadi usawa wa dirisha la jikoni. Upande wa ukutani nako, kwa kuwa nyumba haina gata, maji ya paa yalikuwa yamechimba mfereji na kurusha tope jekundu hadi kimo cha goti. Nilitaka ukoka urudi, na chini ya paa pawekwe mawe meupe.

Niliita mafundi watatu. Wa kwanza alisimama getini, akatupa macho mara moja, akasema, "Mama, hii milioni mbili na nusu, lakini tutaelewana." Nilipomuuliza ukoka ni mita ngapi, alijibu itajulikana kazini. Wa pili aliomba picha kwa WhatsApp, na kabla sijaweka simu chini alikuwa ameshajibu: laki tisa, kila kitu ndani. Nimekaa stoo ya hospitali miaka 22. Bei isiyo na idadi wala kipimo siwezi kuipokea, iwe ndogo iwe kubwa.

Wa tatu nilielekezwa na jirani. Anauza miche kando ya barabara, na jina lake sitaliandika kwa sababu sijamwomba ruhusa. Alikuja saa mbili asubuhi na kijana wake, akanisalimu shikamoo, akaomba azunguke kwanza. Alikuwa na futi, daftari, na kipande cha nondo ya milimita nane kilichonolewa ncha. Hiyo nondo ndiyo iliyonifanya niandike haya.

Aliichoma kwenye majani mazima, ikazama kiganja kizima bila kelele. Akaichoma kwenye doa la kijivu, ikagonga, ko! kama umegonga sahani. Akaendelea hivyo kila nusu mita, na kila ilipogonga kijana alichomeka kijiti. Doa nililokuwa nikiliona kwa macho lilitosha kutandika mikeka mitatu tu. Vijiti vilipokwisha, vilikuwa vimezunguka mita za mraba 46, maana uji wa saruji ulikuwa umetambaa chini ya mchanga na kuganda ambako mimi nilidhani ni ukame tu. Kisha alichimba shimo la futi moja, akamimina jagi la maji, akaniambia niangalie. Nilikwenda kuchemsha chai. Niliporudi, maji yalikuwa palepale, yametulia kama kwenye bakuli.

"Mama, ukipanda ukoka juu ya hili, umenunua majani ya wiki tatu," alisema.

Nikaielewa ile laki tisa ya mwenzake. Ilikuwa bei ya kupanda majani juu ya saruji.

Jioni aliniletea karatasi. Vibarua wawili kwa siku mbili, wa kubomoa na kuchimbua, 80,000. Kubeba kifusi 60,000. Udongo mzuri Kenta moja 130,000, samadi viroba 10 kwa 50,000. Ukoka mita 50 kwa shilingi 6,000 kila mita. Nilimuuliza kwa nini 50 wakati eneo ni 46, akasema vipande vya kona hukatwa na vingine hufika vimeshanyauka. Kitambaa cheusi cha kutandika chini ya mawe, mita za mraba 20, 60,000. Ukingo wa zege vipande 30 vya mita moja moja, 150,000. Mawe meupe viroba 28 vya kilo 50 kwa 18,000 kila kimoja, na usafiri wake 50,000. Ufundi 350,000. Jumla 1,734,000.

Hapo kwenye mawe nilimbana, kwa sababu ndiyo pesa kubwa kuliko zote, 504,000. Akachukua kalamu, akanifanyia hesabu mbele yangu. Ukanda una urefu wa mita 30 na upana wa sentimita 60, hizo ni mita za mraba 18. Kina ni sentimita tano, kwa hiyo ujazo ni 0.9. Mita moja ya ujazo wa mawe ya namna hii huwa na uzito wa karibu tani moja na nusu, basi tunapata kilo 1,350, viroba 27. Kimoja ni cha akiba. Nikamwambia tupunguze kina kiwe sentimita tatu. Alikataa kwa heshima: mvua ya kwanza ikidondoka kutoka kwenye paa itayatawanya, kitambaa kitaonekana, na jua likikiwakia miezi michache kitachanika. Badala yake aliniuliza nani anakaa nyuma ya nyumba. Nikasema hakuna, ni tangi na kamba za nguo. "Basi mita 12 za nyuma tuweke kokoto za kawaida. Maji hayajui rangi." Viroba 11 vya mawe meupe vikatoka, vikaingia 11 vya kokoto kwa 4,000, na karatasi ikashuka hadi 1,580,000. Ufundi sikuugusa. Mtu aliyenipunguzia 154,000 kwa akili yake, kumng'ang'ania elfu thelathini ya jasho lake ningeona aibu.

Malipo tuligawa mara tatu: vifaa kwanza na risiti juu ya meza, nusu ya ufundi ukoka ukishalazwa, iliyobaki baada ya siku 30. Hilo la siku 30 alilitaja mwenyewe.

Kazi ilianza mwanzoni mwa Machi, kabla masika hayajakolea, na ilichukua siku tano. Vipande vya ukingo aliviinua sentimita saba juu ya udongo ili tope letu jekundu lisiingie kwenye mawe, na mawe yenyewe aliyaosha kwenye beseni kabla ya kuyamwaga. Masika yalipofika niliketi kibarazani kuangalia. Maji yalishuka kutoka kwenye bati, yakapiga mawe, yakapotea. Ukuta haukupata hata tone la tope.

Upungufu upo, na nauandika kwa sababu ni pesa yangu. Kwanza, maji hayakuwemo kwenye karatasi. Aliniambia kwa mdomo kwamba ukoka mchanga unataka kama lita tano kwa kila mita kwa siku. Kwa mita 46 hizo ni lita 230, madumu kumi na moja na nusu. Wiki ya pili bomba lilikatika siku nne na nikalazimika kuita boza. Gharama ya maji ya siku za kwanza ni sehemu ya kazi, ilipaswa kuandikwa na mimi nikajipanga. Pili, chini ya mwembe ukoka haukushika. Alipima asubuhi, wakati kivuli cha mwembe kiko upande wa ukuta wa jirani. Mchana kinahamia kwenye eneo lile na kukaa hapo hadi jua linazama, na ukoka hautaki kivuli. Mtu aliyechoma nondo kila nusu mita alipaswa kuinua macho na kuuona mti.

Siku ya 26 nilimpigia. Alikuja kesho yake, akang'oa mita tano zilizopauka, akapanda majani ya Pemba, yale yenye jani pana, ambayo hustahimili kivuli. Hakunidai senti, na hakutafuta mtu wa kumlaumu. Sasa ni mwezi wa tatu tangu ayapande na yameshika, ingawa rangi yake ni nzito kidogo kuliko ukoka na mpaka kati yao unaonekana ukitazama kutoka dirishani.

Namuita tena kwa ajili ya upande wa geti. Safari hii nimemwambia aje saa tisa alasiri.