Laptopu ya kuungaunga: uzoefu wangu hapa Dodoma

Nina steshenari ndogo Makole. Kazi zangu ni kuchapa barua, kuprinti, kuskani vyeti na kuwajazia vijana maombi ya kazi za serikali kwenye Ajira Portal na ya mikopo ya elimu ya juu ya HESLB. Laptopu ninayotumia niliinunua Sh 220,000 kwa fundi wa mjini aliyeiunga kwa vipuri vya mashine zilizostaafishwa maofisini Ulaya. Bodi na kava ni za Dell Latitude E6430, mashine ya 2012, kioo kimetoka kwenye nyingine ya aina hiyohiyo, kibodi ni ya Kijerumani.

Naipenda, na sababu kubwa ni SSD, hifadhi ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Prosesa ni Core i5 ya kizazi cha tatu na RAM ni GB 8, lakini fundi aling'oa diski ya kuzunguka akaweka SSD ya GB 240. Inawaka upesi, na nikiwa na fomu ya mteja, skana na kivinjari vyote viko wazi, haigandi. Ukiuziwa ya namna hii ikiwa bado na diski ya zamani, idai SSD kabla hujatoa hela.

Kwenye kibodi Y na Z zimebadilishana nafasi. Ukichagua mpangilio wa Kiingereza zinaandika tulivyozoea, ila maandishi ya vitufe hayalingani. Mimi nachapa bila kuangalia. Binti anayenisaidia nimembandikia stika.

Chaja ni jambo la kuwa nalo macho. Za Dell zina sindano katikati ya plagi inayoitambulisha chaja kwa mashine. Niliyopewa mwanzo ilikuwa ya kufananisha: onyo kila nikiwasha, betri haiingizi chaji, spidi imeshuka. Fundi alinibadilishia bila ubishi. Betri yenyewe imechoka. Umeme ukikatika napata muda wa kuhifadhi kazi tu, na hilo linaniumiza msimu wa maombi.

Windows 11 haizikubali rasmi prosesa za Intel za zamani kama hii, na Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Vyeti na namba za NIDA (kitambulisho cha taifa) za watu vinapita humu, kwa hiyo nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure unaoshika nafasi ya Windows. LibreOffice, programu yake ya kuchapia, inafungua barua za Word vizuri. Majedwali husogea mpangilio, lazima uyapitie kabla ya kuprinti.

Wapo wanaosema ningeongeza kidogo nipate mpya. Nimezishika hizo mpya za bei ya chini: nyingi zina hifadhi ya eMMC (chipu ndogo ya bei rahisi) ya GB 64 iliyochomelewa kwenye bodi, na RAM vilevile. Ikifa, fundi hana pa kushika. Yangu kifuniko cha chini kinafunguliwa kwa skrubu. Vumbi letu la kiangazi lilipoziba feni, fundi aliisafisha na kubadilisha pesti ya kupitisha joto la prosesa nikisubiri palepale. Betri nayo inachomoka kwa mkono, kwa hiyo faida ya mwezi huu inanunua betri mpya, si laptopu nyingine.