Kitabu cha Majina ya Ukoo: Tathmini ya Huduma Moja Mjini Tabora

Karibu na soko kuu la Tabora lipo duka la steshenari ambalo, mbali na kutoa fotokopi na kufunga ripoti za wanafunzi, huandaa kitabu cha majina ya ukoo kwa yeyote anayeagiza. Mteja hupeleka orodha ya majina ya wazee wake kwa kadiri anavyoyafahamu, kisha mwalimu mstaafu anayeshirikiana na duka hilo hufika nyumbani kuzungumza na wakubwa wa familia. Kinachopatikana mwishoni ni kijitabu chenye jalada gumu, ambamo kila jina limeandikiwa aliyepewa, aliyelitoa, sababu ya kulitoa na neno la lugha ya asili ambamo jina limechipuka. Baba yangu ni Mnyamwezi wa Urambo na mama yangu ni Muha wa Kasulu mkoani Kigoma, hivyo niliagiza kitabu kimoja cha pande zote mbili, nikiwa na hamu ya kuona lugha hizo mbili zikikaa kwenye ukurasa mmoja.

Sehemu iliyo bora kuliko zote katika huduma hii ni mahojiano yenyewe. Mwalimu hakuanza kwa kuuliza jina lina maana gani, swali ambalo huwafanya watu wabuni majibu ya kumfurahisha mgeni. Aliuliza nani alimpa mtoto jina lile, mtoto alizaliwa msimu gani, na mwaka ule nyumbani kulikuwa na jambo gani. Kwa njia hiyo majina yalifunguka yenyewe: Mabula na Kabula waliozaliwa wakati wa mvua, Nyanzala aliyezaliwa katika njaa, Kulwa na Doto waliozaliwa pacha, na Shija na Kashindye wanaokuja nyuma ya pacha. Shangazi yangu, ambaye kwa kawaida si msemaji, alimkatiza mwalimu alipotaka kujua nani alimchagulia Shija jina lake. “Hapana, mwalimu,” alisema, “Shija hachaguliwi jina, anazaliwa nalo.” Mwalimu aliiandika kauli hiyo kama ilivyotoka, na nimeikuta kitabuni. Ni kauli yenye uzito kwa anayechunguza historia ya lugha, kwa sababu jina linalotolewa kwa utaratibu wa uzazi halifuati mitindo, na huendelea kuitwa hata katika nyumba ambazo watoto hawazungumzi tena Kinyamwezi.

Ukurasa niliourudia mara nyingi ni ule wa jedwali la majina na maneno yaliyoyazaa, ambapo Kinyamwezi, Kiha na Kiswahili vimewekwa sambamba. Nyanzala ametokana na nzala. Kwa Kiha neno hilo ni inzara, na kwa Kiswahili ni njaa. Mabula ametokana na mbula. Kiha husema imvura, nasi tunasema mvua. Upande wa mama pacha huitwa Bukuru na Butoyi, kama ilivyo Burundi, na katika Bukuru mna mzizi uleule wa neno letu -kuu. Ukiyasoma maneno hayo kwa mstari, unaiona historia kwa macho: pale Kinyamwezi kinapotamka l na Kiha kinapotamka r, Kiswahili kimeidondosha sauti hiyo na kuziacha irabu mbili zikigusana. Zaidi ya hapo, Mabula ameihifadhi b ya kale, ilhali Kiha na Kiswahili vimeigeuza kuwa v mbele ya u. Kinyamwezi na jirani yake Kisukuma vina irabu saba, wakati Kiswahili na Kiha vina tano, na mabadiliko ya b kuwa v katika lugha nyingi za Kibantu yamekwenda pamoja na kupungua huko kwa irabu. Mtoto aliyepewa jina kwa sababu mvua ilinyesha amebeba, bila kujua, ushahidi wa matamshi ambayo ndugu zake wa pwani waliyaacha zamani. Jambo hili mwalimu amelieleza kwa lugha nyepesi ambayo hata binti yangu wa shule ya msingi aliifuata.

Majina ya Kiha yamepata kurasa chache kuliko nilivyotarajia, lakini zilizopo ni nzuri. Waha, kama Warundi na Wanyarwanda ambao lugha zao ni za kundi moja na Kiha, hupenda jina lililo sentensi nzima. Hakizimana ni tamko kwamba anayeponya ni Mungu, Imana. Kwa mfano wa jina linalojulikana na wengi, mwalimu alichukua la Sylvestre Ntibantunganya, aliyewahi kuwa Rais wa Burundi, akalikata vipande: nti- ya kukanusha, -ba- ya watu wanaotenda, -n- ya anayetendewa, kisha kitenzi. Msomaji wa Kiswahili huona papo hapo kwamba ni mpangilio uleule wa ha-wa-ni- katika “hawanipendi”. Maneno huweza kuazimwa sokoni na njiani, lakini mpangilio wa viambishi ndani ya kitenzi hauazimwi kwa urahisi, na kwa hiyo jina la namna hii ni ushahidi wenye nguvu zaidi wa undugu wa lugha kuliko jina la neno moja.

Sikuridhika na utangulizi wa kitabu, unaodai kwamba jina la asili huthibitisha ukoo ulikotoka. Dai hilo ni pana mno, na historia ya Tabora yenyewe inalipinga. Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alizaliwa akiitwa Mtyela Kasanda, na jina lililomtangaza alilipata akiwa mtu mzima kutokana na vita; maana yake ni maiti, nalo neno umurambo lina maana hiyohiyo katika Kirundi. Jina hilo linatuambia habari ya neno ambalo lugha za pande hizi zinashirikiana, lakini halituelezi alikozaliwa mwenyewe. Sidi Mubarak Bombay, aliyepita hapa mwaka 1857 pamoja na wapelelezi Waingereza Burton na Speke, alikuwa Myao wa kusini aliyeuzwa utumwani hadi India, na katika majina yake yote matatu hamna hata moja la Kiyao. Kwa upande mwingine, Wangoni wa Songea waliiacha lugha waliyokuja nayo kutoka kusini mwa Afrika wakachukua ya wenyeji, lakini majina ya koo kama Gama na Zulu yamebaki. Kwa hiyo jina huweza kutunza lugha iliyokufa, na huweza pia kuifuta lugha ya mwenye jina. Kinachotofautisha ni kujua nani alilitoa na kwa sababu gani. Mahojiano ya mwalimu yanafanya kazi hiyo kwa umakini mkubwa, na ndiyo maana utangulizi wake ulinisikitisha.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye uchapaji. Kijana aliyepiga chapa, bila shaka kwa nia njema, “alisahihisha” majina yafuate tahajia anayoiona kila siku: Kulwa amekuwa Kurwa, na Nyanzala katika kurasa mbili amekuwa Nyanzara. Katika barua ya kawaida herufi moja kama hiyo haina madhara. Katika kitabu cha namna hii ni uharibifu, kwa sababu l ya Nyanzala ndiyo inayomtambulisha kama jina la Kinyamwezi, na ikiandikwa r msomaji wa kizazi kijacho atadhani bibi yule alikuwa wa upande wa Kasulu. Isitoshe, irabu saba za Kinyamwezi zimeandikwa kwa herufi tano, na toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti katika neno, hazikuwekewa alama yoyote. Nilipopeleka malalamiko, duka lilichapa upya kurasa zenye makosa bila kudai malipo ya ziada, nami nawapongeza kwa hilo. Suala la irabu na toni halikutatuliwa, ingawa kurekodi kila jina kwa sauti ya mzee na kumpa mteja faili kwenye simu kungetosha kuziba pengo hilo.

Bei ni shilingi 60,000 kwa kijitabu kimoja, na nakala za ziada ni nafuu. Kwa familia yenye wazee walio hai na wenye kumbukumbu, naona bei hiyo ni halali kwa ajili ya mahojiano peke yake. Atakayeagiza na adai rasimu kabla ya uchapaji, aisome pamoja na wazee walioyataja majina, jina moja moja kwa sauti, na aombe majina ya upande wa Kigoma yahojiwe na mzungumzaji wa Kiha, kwa kuwa mwalimu wetu ni Mnyamwezi na kwa majina ya Waha alilazimika kutegemea tafsiri ya mama yangu.