Mvinyo mwekundu wa Merlot na wenzake: chupa ipi ya kuanzia

Merlot hunyweka kirahisi, na hapo ndipo penye tatizo. Zabibu hii huiva mapema, ina ganda jembamba, na mvinyo wake huwa laini wenye ladha ya plamu na cheri. Ikiachwa peke yake huweza kukosa msimamo mdomoni. Ndiyo maana huchanganywa na zabibu nyingine. Cabernet Sauvignon huleta ukakasi unaoshika fizi, Cabernet Franc huleta harufu, na Petit Verdot kidogo hukoleza rangi. Kinachotafutwa ni ulaini wenye kitu cha kuushikilia, na kwa kipimo hicho nimezipanga chupa zifuatazo.

Nafasi ya kwanza naipa Fronsac na Castillon, majirani wa Saint-Émilion upande wa kulia wa mto Dordogne, katika eneo la mvinyo la Bordeaux, Ufaransa. Merlot ndiyo inayotawala huko, na udongo mwingi ni wa mfinyanzi na chokaa, kwa hiyo mvinyo hubaki na uchachu hai hata mwaka wa joto. Majina haya hayana umaarufu, nawe hulipii umaarufu.

Ya pili ni michanganyiko ya Stellenbosch, Afrika Kusini. Tunda lake ni lililoiva zaidi, na ukakasi upo. Ila geuza chupa usome nyuma: mingi inayoitwa ya mtindo wa Bordeaux huongozwa na Cabernet Sauvignon, na huo ni mvinyo mwingine kabisa, mkavu na mgumu zaidi ukiwa mchanga.

Chile naiweka ya tatu. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya kilichoitwa Merlot huko kilikuwa Carmenère, zabibu nyingine kabisa, mpaka mwaka 1994 Mfaransa Jean-Michel Boursiquot, mtaalamu wa mizabibu, alipoitambua mizabibu hiyo shambani. Siku hizi zabibu hizo mbili huchanganywa kwa makusudi, na matokeo huwa mazuri kama hujali harufu kidogo ya pilipili hoho. Mimi siijali, mradi isifunike tunda.

Saint-Émilion yenyewe na Pomerol ziko ya nne, si kwa ubaya wa mvinyo bali kwa sababu huu ni mwongozo wa chupa ya bei ya kawaida. Tena maneno ya lebo huchanganya watu. "Saint-Émilion Grand Cru" ni jina la eneo mvinyo unakotoka, lenye masharti yake, si cheo. Chenye cheo huandikwa "Grand Cru Classé", na madaraja hayo yalianza mwaka 1955. Pomerol haina madaraja rasmi hata kidogo, ingawa ndiko unakotoka mvinyo maarufu wa Petrus.

Mwisho kabisa ni chupa zilizoandikwa tu kuwa mchanganyiko mwekundu, bila zabibu wala eneo mahususi. Nyingi huachiwa sukari kidogo ili zipendeke kwa funda la kwanza. Funda la tatu huchosha.

Lebo ya "Merlot" nayo isikuzuie: Marekani inaruhusu jina hilo zabibu ikifika asilimia 75, na Umoja wa Ulaya asilimia 85. Kilichobaki chaweza kuwa zabibu nyingine.

Ukishanunua, onja kwa utulivu. Upoze hadi nyuzi 16 au 18 za Selsiasi, kwa maana ukiwa na joto kilevi hupanda puani na kuficha kila kitu. Mimina theluthi ya glasi, uinamishe juu ya karatasi nyeupe, utazame ukingo. Mvinyo mchanga una ukingo wa zambarau au wekundu safi. Ukiona rangi ya tofali kwenye mvinyo wa juzi tu, huenda ulihifadhiwa kwenye joto. Nusa kabla ya kuzungusha glasi, kisha zungusha unuse tena. Plamu, kakao, tumbaku kavu na majani mabichi ya bay (kiungo cha mchuzi) ni dalili njema. Harufu ya boksi lililolowa maji ina maana kizibo kimeuharibu, rudisha chupa. Harufu kali ya siki vilevile.

Mdomoni, piga funda dogo ulizungushe mpaka kwenye fizi. Ukakasi mzuri hukausha kama vumbi laini halafu huachia. Mbaya hukwaruza na kubaki mchungu. Uchachu utaujua kwa mate yanayotoka pembeni mwa ulimi, na yasipotoka mvinyo utakuwa mzito usio na uhai. Meza, kisha subiri. Tunda likitangulia kupotea na kuacha moto wa kilevi kooni, mizani imekosekana, hata kama mwanzo ulikuwa mtamu.

Usiutolee mvinyo hukumu mara tu unapofunguliwa. Mvinyo mchanga uliobana harufu uache nusu saa kwenye jagi pana, uonje tena. Kinachobaki kifunike, kiweke kwenye friji na ukimalize ndani ya siku mbili tatu.