Kisoma DVD cha nje: kizuri, iwapo kitapata umeme wa kutosha

Laptopu niliyoinunua mwaka huu ina matundu mawili tu ya USB-C na haina mahali pa kuingizia diski, ilhali video ya harusi ya dada yangu, iliyopigwa Tanga mwaka 2007, imebaki katika DVD tatu ambazo hazina nakala nyingine popote. Kwa sababu hiyo nilinunua kisoma DVD cha nje, chembamba, cha aina inayouzwa katika maduka mengi ya kompyuta, na nimekitumia kwa majuma matatu.

Kifaa chenyewe hakina ubaya. Kilichonitaabisha ni umeme. Kisoma hiki hakichomekwi ukutani, bali hunyonya nguvu yote kutoka kwenye laptopu, na mota yake inapoanza kuzungusha diski huhitaji umeme mwingi kuliko wakati wa kusoma. Tundu la kawaida la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na la USB 3.0 hutoa 900. Nilipokichomeka kupitia hab ya bei nafuu, yaani kigawanyo kinachogeuza tundu moja la USB kuwa kadhaa, ambayo tayari ilikuwa imebeba kipanya na flashi, taa iliwaka, diski ikazunguka kidogo, ukasikika mlio wa tik-tik, kisha kikatoweka kwenye skrini. Niliamini nimeuziwa kibovu, hata nikakirudisha kwenye boksi lake. Siku iliyofuata nilitumia adapta ndogo ya USB-C, moja kwa moja kwenye laptopu, kikasoma bila kusita. Anayesikia mlio huo basi aiondoe hab kwanza, au atafute hab yenye umeme wake wa ukutani, kabla ya kukilaumu kifaa.

Windows ilikitambua yenyewe, ila tangu toleo la 8 la mwaka 2012 haiji na uwezo wa kucheza DVD za video, hivyo nilisakinisha VLC, programu ya kuchezea video ambayo ni ya bure.

Kunakili diski ya kwanza, iliyokaribia kujaa gigabaiti zake 4.7, kulichukua kama robo saa. Ya tatu, iliyokwaruzika, ilipita saa nzima, na ilikwama mara mbili hadi nilipoifuta kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Kasoro ninayoilalamikia ni waya: ni mfupi mno na umeungwa ndani kwa ndani, kwa hiyo ukikatika hauwezi kubadilishwa. Pamoja na hayo ningekinunua tena, kwa kuwa sauti ya marehemu bibi akimwimbia dada yangu imo katika diski hiyo ya tatu, na sasa ninayo mahali pawili.