Kichujio cha Polaraiza Ziwani na Horini: Uzoefu Wangu wa Miezi Kumi na Minne

Nilinunua kichujio hiki cha polaraiza, yaani kioo kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa ili kuondoa mng'aro, chenye kipenyo cha milimita 77, kwa shilingi 9,500 katika duka moja la Nairobi, nikiwa na nia ileile inayotangazwa kwenye kisanduku chake: kukoleza buluu ya anga. Baada ya kukitumia miezi kumi na minne katika Ziwa Naivasha na katika Hori ya Mida, Watamu, nimeona kuwa kazi hiyo ndiyo isiyonifaa sana. Thamani yake niliigundua siku za mawingu mazito na manyunyu, ambazo wapigapicha wengi huziacha kamera zao nyumbani.

Nilifika Mida mwezi wa Mei, masika yakiwa bado hayajakatika, wakati maji ya bamvu, yaani maji makuu ya mwezi mpevu au mwandamo, yanapwa. Tope na vidimbwi vilivyobaki viliakisi anga jeupe kiasi kwamba mizizi ya mikoko ilipotea kabisa katika picha. Nilipoizungusha pete ya kichujio polepole, huku nikitazama kioo cha kamera, weupe ule uliondoka kama utando, yakaonekana mashimo ya kaa, mizizi iliyopindana, na kijani halisi cha majani ambacho mng'aro wa mvua ulikuwa umekifunika. Mandhari ile haingeokolewa baadaye kwa programu ya kuhariri, kwa sababu programu haiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikukiona. Ni vyema kujua, hata hivyo, kwamba matokeo huwa bora zaidi ukiyatazama maji kwa mshazari, takriban nyuzi 37 kutoka usawa wake. Ukiinama na kuyatazama wima kutoka juu, unaweza kuizungusha pete mpaka uchoke bila kuona tofauti.

Gharama yake kubwa ni mwanga. Kichujio hiki hula mwanga hadi kubakisha robo tu, hivyo picha ambayo ingepigwa kwa sehemu ya 60 ya sekunde huhitaji sehemu ya 15. Alfajiri ya mawingu pale Naivasha, upepo ukiyatikisa mafunjo, nililazimika kuchagua kati ya majani yaliyofifia kwa kutikisika na picha yenye chembechembe zinazoletwa na ISO ya juu, yaani kamera kuongezewa wepesi wa kuhisi mwanga. Tripodi haikusaidia, maana haiwezi kuyatuliza mafunjo. Asubuhi maji yanapotulia ndipo nimejifunza kukivua kabisa: ile migunga iliyokufa ikiwa imesimama majini tangu ziwa lilipofurika hupendeza kwa sababu ya taswira yake inayoakisiwa majini, na taswira hiyo ndiyo inayofutwa na kichujio.

Kwa lenzi pana ya milimita 16, siku ya jua, anga hutoka na doa jeusi upande mmoja tu, nami sijapata picha hata moja ya namna hiyo niliyoipenda. Kinyume chake, jioni moja baada ya mvua niliona upinde wa mvua ukitoweka kwenye kioo, na nilipoendelea kuzungusha kidogo ukarudi uking'aa kuliko nilivyouona kwa macho. Anayekiacha kichujio jinsi kilivyokaa anaweza kuupoteza bila kujua kuwa ulikuwapo.

Lalamiko langu ni kuhusu pete yenyewe. Ni ya alumini nyembamba, na baada ya siku mbili za rasharasha za maji ya chumvi ilikwama kwenye lenzi. Nilihangaika nayo usiku kucha kwa mpira wa kufungulia mitungi hadi ikaachia, ikiwa na mkwaruzo. Sasa kila jioni nikiwa pwani hukivua, nikakipitisha kwenye maji baridi yasiyo na chumvi na kukifuta kwa kitambaa laini kabla hakijakauka. Nimekipa nyota nne. Ya tano ningeitoa kama pete ingekuwa ya shaba.