Kumjaribia Panya Dawa: Mchana au Usiku?

Maabara nyingi huwapa panya dawa asubuhi, kwa kuwa wahudumu wapo kazini na hakuna posho ya usiku ya kulipwa. Kwa gharama, mchana unashinda bila ubishi.

Kwa kuaminika kwa matokeo, mambo hubadilika, maana panya hukesha usiku na asubuhi ndipo anapolala. Dozi ileile ya parasetamoli huharibu ini lake zaidi ikitolewa jioni kuliko asubuhi, kwa sababu jioni akiba ya glutathioni, inayozima sumu ya dawa hiyo, huwa imepungua. Anayetafuta dozi salama kwa binadamu, ambaye kwa kawaida humeza dawa akiwa macho, ana sababu nzito ya kumpima panya akiwa macho pia.

Usiku, hata hivyo, unadai matunzo: ratiba ya taa hugeuzwa ili usiku wa panya uangukie saa za kazi, wanyama wakapewa wiki mbili hivi wazoee, na kazi ikafanywa kwa mwanga hafifu mwekundu, ambao panya huuona kwa shida. Mwanga mweupe ukipenya chini ya mlango, saa ya mwili, inayopanga kulala na kuamka kwa panya, huvurugika.

Kwa mchujo wa awali wa dawa, mchana unatosha, mradi saa ya kudunga iandikwe na isibadilike. Kwa vipimo vya sumu, ningechagua usiku, au nyakati zote mbili fedha zikiruhusu.