Intakula ya kutengenezesha: miezi minane nikiwa nayo

Intakula ni kifaa kinachopoza hewa inayotoka kwenye turbo (pampu ya kushindilia hewa) kabla haijaingia kwenye injini. Kabla ya hii niliyotengenezewa na fundi niliwahi kufunga ile kubwa ya dukani, inayouzwa kwa magari ya kila aina. Naanza na hiyo maana ndiyo iliyonifundisha nilichokuwa nakihitaji.

Gari langu lina injini ya lita 2 yenye turbo, na intakula ya kiwandani ilikaa juu ya injini, katikati ya joto lake. Turbo ikishindilia hewa, hewa inapata moto: ya nyuzi 25 ukiikandamiza kwa presha ya bar 1 hutoka ikiwa imepita nyuzi 100. Nikipanda mlima mrefu, sensa ya hewa inayoingia kwenye injini ilisoma nyuzi 70. Joto likifika hapo, kompyuta huchelewesha cheche ili injini isianze kugonga, yaani mafuta kulipuka ovyo ndani yake, na gari linakuwa zito.

Ile ya dukani niliifunga mbele ya rejeta. Joto lilishuka, sikatai. Lakini turbo ikawa inachelewa kuamka, nguvu za juu hazikuongezeka kama nilivyotarajia, na kwenye foleni geji ya joto la injini ilianza kupanda kwa sababu intakula ilikuwa imeiziba rejeta nzima. Nilishafikia kuamini kwamba turbo imechoka.

Fundi niliyempelekea hakutaka hata kuzungumzia intakula mpya kabla ya kuipima ile iliyopo. Alifunga geji moja kabla ya intakula na nyingine baada yake, tukaenda barabarani. Kabla, bar 1.2, baada, bar 0.9. Robo nzima ya presha ambayo turbo ilihangaika kuitengeneza ilikuwa inaishia humo ndani! Kisha akasimamisha gari na kumulika uso wa intakula kwa kipimajoto cha mkononi, safu baada ya safu. Safu za juu zilikuwa za moto, za chini zilikaribia ubaridi wa hewa ya nje. Yaani hewa ya turbo iliingia kwa juu ikapita njia ya mkato, na nusu ya chini ya lile dude ilikuwa mzigo tu.

Kosa lilikuwa kwenye matangi ya pembeni, yale ambayo hewa ya turbo huingilia na kutokea. Mimi, kama wengi, nilikuwa nikiangalia ukubwa wa sehemu yenye mapezi (vibati vyembamba vya kupozea), lakini matangi ndiyo yanayoamua hewa igawanyike vipi. Fundi alikata maboksi ya karatasi ngumu, akayapachika nyuma ya bampa hadi umbo likakaa sawa, ndipo akakata alumini. Tangi la kuingilia ni pana pale bomba linapoingia na linapungua kadiri linavyoshuka, na ndani kuna kibati kinachosukuma sehemu ya hewa kwenda safu za chini. Intakula yenyewe ni fupi kwa kimo kuliko ile ya dukani ila nene zaidi, hivyo sehemu ya juu ya rejeta inapata upepo wake moja kwa moja. Kingo zote mbili amezizungushia mabati, kwa sababu upepo wa mbele ukipata upenyo wa pembeni hautahangaika kupita kwenye mapezi.

Sasa geji zinasoma bar 1.2 na 1.1. Mlima uleule, siku yenye joto kama la siku zile, sensa inasoma nyuzi 42. Kwa presha ileile, kutoka 70 kuja 42 maana yake ni hewa nzito zaidi kwa takribani asilimia 9, na kompyuta haina tena haja ya kurudisha cheche nyuma. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba kupanda kwa mara ya tano hakuna tofauti na kupanda kwa mara ya kwanza. Gari halichoki.

Kasoro zipo. Kazi ilichelewa wiki mbili. Wiki ya kwanza mpira wa silikoni ulichomoka nikiwa kwenye kasi, kwa sababu mdomo wa bomba moja ulikuwa laini, bila ule mgongo wa kuuzuia mpira usiteleze. Na nilipoijaza intakula presha na kuipaka maji ya sabuni nikaona mapovu kwenye ulehemu karibu na kishikizo. Vyote viwili alivirekebisha bila kunidai chochote, lakini kipimo cha sabuni kilipaswa kufanyika kabla sijakabidhiwa gari. Nawe usikubali kuondoka kabla hujakiona kwa macho yako. Pia ni nzito, karibu kilo 3 zaidi ya ile ya dukani, na ilibidi nikate bampa kwa ndani na kuhamisha honi.

Ukiwa foleni, usitegemee miujiza: bila upepo intakula yoyote inayopozwa kwa hewa hupata moto, na yangu hufika nyuzi 55 hivi. Tofauti ni kwamba inarudi chini ndani ya dakika moja ya mwendo.

Bado sijaweka wavu mbele yake, na changarawe zimeshapinda mapezi machache upande wa kushoto. Hiyo ndiyo kazi ya mwisho wa wiki hii.